Fokasi

Fokasi ni mahali ambapo vitu vilivyotawanyika hukutana, viwe miale ya mwanga, maambukizi au mawazo ya mtu. Kiswahili hakina neno moja la kuzibeba maana zote hizi. Mpiga picha husema fokasi, mwanajiografia na daktari husema kitovu, mwalimu huwataka wanafunzi wawe makini, na kijana wa mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, humwambia mwenzake "fokasi" anapoona mawazo yake yamezurura.

Asili ya neno ni Kilatini, ambako *focus* ilikuwa meko ya nyumbani. Atakayeingia katika jiko la kuni huko Shinyalu, katika Kaunti ya Kakamega, ataelewa mara moja. Kuni hupenyezwa baina ya mafiga matatu, ncha zake zikutane chini ya chungu, na zinavyoungua ndivyo mpishi anavyozisukuma ndani kidogo kidogo. Moto unakaa pale zinapogusana. Mwaka 1604 mwanafalaki Mjerumani Johannes Kepler alilitumia neno hilo katika kitabu chake cha elimu ya mwanga, na miaka 5 baadaye alieleza kwamba njia ya sayari ni duaradufu yenye fokasi mbili, Jua likiwa kwenye mojawapo. Ndiyo maana Dunia huwa kilomita milioni 147 hivi kutoka kwa Jua mwanzoni mwa Januari, na milioni 152 mwanzoni mwa Julai.

Katika elimu ya mwanga, fokasi ni nukta ambapo lenzi nene katikati hukusanya miale sambamba. Watazamaji ndege katika Msitu wa Kakamega huishi na nukta hiyo siku nzima. Ukielekeza darubini kwenye vilele vya miti huko Isecheno, kwanza utaona ukungu wa kijani. Zungusha gurudumu la katikati taratibu: jani linapata kingo, tawi linajitenga na tawi la nyuma yake, na shorobo mkubwa wa buluu anajitokeza pale ulipodhani ni kivuli tu. Jicho hufanya kazi hiyo bila gurudumu, kwa kubadilisha unene wa lenzi yake. Lenzi hiyo hukakamaa kadiri umri unavyosonga, na ndiyo sababu mzee kanisani hunyoosha mkono wote ili asome kitabu cha nyimbo.

Katika elimu ya matetemeko, kitovu ni mahali chini ya ardhi ambapo mwamba huanza kupasuka. Tetemeko la Subukia la Januari 1928, lenye ukubwa wa 6.9, lilikuwa na kitovu chake chini ya Bonde la Ufa la Kenya.

Maana inayostahili nafasi kubwa zaidi hapa ni ya kitabibu, kwa sababu Kakamega yenyewe imo katika historia yake. Kitovu cha ugonjwa ni eneo dogo ambamo maambukizi hujiendeleza yenyewe. Kakamega na Kaimosi zilikuwa miongoni mwa vitovu vya usubi magharibi mwa Kenya. Ugonjwa huo huletwa na minyoo ambao vitoto vyao hutambaa ndani ya ngozi, humwasha mtu usiku kucha, na vikifika machoni huweza kumpofusha. Huenezwa na inzi mdogo, *Simulium neavei*, apendaye kivuli cha msitu. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua anakulia wapi. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon walitangaza kwamba viluwiluwi vyake hujibandika kwenye magamba ya kaa wa mtoni.

Hapo ikaeleweka kwa nini ugonjwa ulikuwa na mipaka: pasipo kijito chenye kaa na miti ya kukifunika, inzi huyo hastawi. Kwa kuwa vitovu vilikuwa vidogo na vimetengana, dawa ya kuua wadudu ya DDT ilitiwa mitoni kwa kipimo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 inzi huyo alikuwa ameondolewa katika vitovu hivyo. Hayo yalifanyika miongo mitatu kabla ya dawa ya ivermektini kuanza kugawiwa kwa wagonjwa. Ni ushindi mkubwa wa afya ya umma, na unastahili kufundishwa katika kila shule ya Kaunti ya Kakamega.

Katika saikolojia, fokasi ni uwezo wa akili kuchagua jambo moja na kuyaacha mengine yafifie. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa Kakamega, hulidhihirisha hilo. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na baragumu la pembe. Ukiifuata ile ndogo kwa sikio, kubwa hurudi nyuma. Ukihamia kubwa, ndogo hugeuka mchakacho tu, ingawa wapigaji hawajabadilisha chochote.

Katika isimu, fokasi ni sehemu ya sentensi inayobeba habari mpya au inayotiwa mkazo. Kiswahili huionyesha kwa *ni* na *ndi-*. "Mtoto amekula ugali" hujibu swali la mtoto amefanya nini. "Ugali ndio aliokula mtoto" humjibu aliyedhani amekula wali.