Jani la Bukini na Ushahidi wa Ngozi

Dawa ya mitishamba ina mashahidi wawili. Wa kwanza ni mgonjwa aliyepona. Wa pili ni mtaalamu aliyeuliza kwa nini alipona. Shahidi wa kwanza ni mkongwe kuliko vitabu, na wa pili amezaliwa jana. Historia ya mmea mmoja wa kisiwa cha Bukini, ambacho leo huitwa Madagaska, yaonyesha jinsi mashahidi hao walivyokutana, na jinsi neno la mmoja lilivyosahihisha neno la mwenziwe pasipo kulibatilisha.

Wamalagasi huuita mmea huo talapetraka. Wataalamu wa mimea huuita Centella asiatica. Hutambaa chini mahali penye majimaji, na jani lake ni la mviringo, mfano wa figo. Haukujaliwa Bukini peke yake, kwani waota pia Bara Hindi, Uchina na Afrika ya Mashariki. Katika tiba ya kale ya Kihindi jina lake ni mandukaparni, na watu wa Sri Lanka huuita gotukola. Waganga wa nchi mbalimbali zilizotengwa na bahari waliutumia kwa vidonda na maradhi ya ngozi. Mapatano ya namna hiyo yastahili kusikilizwa. Walakini si hukumu, maana watu wengi waweza kukosea pamoja.

Katika karne ya 19 mmea ulishitakiwa kwa jambo kubwa kuliko vidonda: uliambiwa uponye ukoma. Mwaka 1852 habari za wakoma waliotibiwa kwao zilitoka Morisi, na mwaka 1855 Jules Lépine, mfamasia wa Pondichéry, aliandika juu yake. Mwaka 1941 Bontems alitenga kutoka mmea wa Bukini kitu kilichopewa jina la asiatikosaidi. Ndipo Pierre Boiteau, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi kisiwani, aliposhirikiana na wanakemia Buzas, Lederer na Polonsky; na mwaka 1949 walitangaza katika jarida la Nature habari za dawa za ukoma zilizotokana na mmea huo.

Tumaini hilo halikudumu. Bakteria wa ukoma, waliogunduliwa na Hansen mwaka 1873, hawakubali kuoteshwa katika sahani ya maabara. Kwa hiyo ilikuwa vigumu kupima dawa juu yao. Tangu miaka ya 1940 dawa ya dapsoni ilishika nafasi, na mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa kadhaa zitumiwe pamoja. Talapetraka haimo miongoni mwao. Lakini jambo moja lilibaki: habari ya vidonda. Mwaka 1956 Boiteau na Albert Rakoto Ratsimamanga walichapa makala juu ya asiatikosaidi na majeraha yaliyokataa kupona. Ratsimamanga alikuwa mwana wa kisiwa chenyewe. Mwaka 1957 alianzisha taasisi ya utafiti nchini mwake, na baada ya uhuru wa mwaka 1960 akawa balozi wa kwanza wa nchi yake Ufaransa. Katika mkono wake elimu ya mababu na elimu ya maabara zilishika kalamu moja.

Hata hivyo, swali la namna dawa ifanyavyo kazi lilingoja ustadi mwingine. Mwaka 1907 Ross Harrison alikuwa ameonyesha kwamba nyama hai ya mnyama yaweza kukua nje ya mwili. Kwa ustadi uliofuata, seli za ngozi ya binadamu, yaani chembe hai zake, zilikuzwa katika sahani. Miongoni mwazo zimo faibroblasti, mafundi wanaofuma kolajeni, uzi unaoipa ngozi nguvu na kuziba jeraha. Mwaka 1990 Maquart na wenziwe wa mjini Reims, Ufaransa, walitangaza jaribio lao juu ya seli hizo zilizotoka katika govi. Sahani nyingine zilitiwa dawa, nyingine hazikutiwa, kisha kolajeni ikapimwa. Kipimo cha dawa kilipozidi, kolajeni nayo ilizidi. Dawa ilikuwa mchanganyiko wa vitu vitatu vya mmea, na walipovitenganisha waliona kwamba asidi ya asiati ndiyo iliyoleta matokeo hayo; asiatikosaidi yamkini ilifanya kazi kwa kugeuka kuwa asidi hiyo. Mwaka 1994 Bonté na wenziwe waliona kwamba kila kimoja cha vile vitatu chaweza kuongeza kolajeni. Majaribio mawili hayakupatana kwa kila neno, na hiyo ndiyo tabia ya elimu iliyo hai.

Ushahidi wa seli una mipaka yake. Seli iliyo katika sahani haina damu, haina uchafu wa shambani, wala haina njaa ya mgonjwa. Dawa huigusa uchi, ilhali juu ya mwili hukuta kwanza tabaka gumu la ngozi. Tena kolajeni kuzidi si heri daima, kwani ikikithiri huleta kovu nene. Basi sahani humwonyesha mtafiti mlango. Kuingia ndani kwahitaji majaribio ya wanyama, na mwisho ya wagonjwa wenyewe.

Mizani ya historia hii ni hiyo. Katika ukoma, sifa ya mmea ilizidi uwezo wake. Katika vidonda, waganga waliona kweli kabla ya maabara kuweza kuisema. Aliyedharau yote angepoteza dawa, na aliyeamini yote angewapotosha wakoma. Limebaki deni. Majina ya waliotenga asidi yameandikwa vitabuni. Jina la aliyeponda jani la kwanza na kuliweka juu ya jeraha halikuandikwa popote, na majani yangali yakichumwa porini na wanavijiji wa Bukini. Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, yataka faida ya mali ya namna hii igawanywe kwa haki. Seli za ngozi zaweza kupima nguvu ya dawa. Haki ya wenye dawa hupimwa na dhamiri za watu.