Pengo Kati ya Jiko na Sufuria: Historia ya Nadharia ya Uhamaji wa Joto na Funzo Lake kwa Nakivale

Historia ya majiko banifu Afrika Mashariki husimuliwa zaidi kama historia ya moto: namna kuni zinavyowaka na moshi unavyopunguzwa. Makala haya yanashikilia kuwa sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika pengo la milimita chache kati ya ukuta wa jiko na ubavu wa sufuria.

Mwaka 1701 Isaac Newton alieleza kuwa chuma cha moto kikipigwa na upepo hupoteza joto kulingana na tofauti ya halijoto baina yake na hewa. Mwaka 1915 Mjerumani Wilhelm Nusselt alionyesha jinsi mwendo wa hewa au kimiminika, pamoja na umbo na ukubwa wa kitu, unavyoamua kiasi cha joto kinachohama. Mwaka 1987 Samuel Baldwin aliitumia elimu hiyo kuchunguza majiko ya kuni. Pengo likiwa pana, hewa moto hupita mbali na sufuria na kupotea. Likiwa jembamba, hewa hulazimika kupita karibu na chuma, na joto hupenya kwa urahisi. Likizidi wembamba, moto hukosa hewa, na moshi hurudi jikoni.

Makazi ya Nakivale, kusini-mashariki mwa Mbarara, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi wa Rwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mtu anayeishi peke yake na familia ya watu kumi hawapikii sufuria moja. Kwa hiyo, jiko lililopimwa maabarani kwa sufuria moja haliwezi kuahidi akiba ileile ya kuni kwa wote. Jiko la udongo linalofinyangwa kuizunguka sufuria ya mwenye nyumba hulitatua tatizo hilo, lakini kwa muda tu: sufuria ikibadilishwa kwa ndogo zaidi, pengo hupanuka na faida hupungua.

Basi watunga sera wasihesabu majiko yaliyogawiwa pekee. Jiko na sufuria vitolewe na kupimwa kama chombo kimoja, na upimaji urudiwe kaya inapoongezeka au kupungua. Gharama ya kupuuza pengo hilo huwaangukia wanawake na watoto, ambao hulazimika kurudi porini kutafuta kuni.