Pini 2 na Pini 3

Wenzangu, imprimante ikinyamaza, watu banasema imekufa. Mimi mtu wa agronomi, jani likigeuka njano naangalia kwanza mizizi: hapa mizizi ni waya. Kanuni ya RS-232 ilitoka Marekani mwaka 1960 ili terminali iongee na modemu. Terminali inasema kwa pini 2, inasikia kwa pini 3. Kisha watu wakaiunga moja kwa moja na imprimante, na imprimante nyingi nazo zilisema kwa pini 2. Nani atasikia? Ilibidi kupishanisha waya hizo. Lakini tundu la pini 9 la IBM AT, 1984, likageuza: 2 ikasikia, 3 ikasema. Ajabu ya watu! Njo maana fundi haamini namba, anapima volti: pini inayosema, ikipumzika, inaonyesha chini ya sifuri.