Jinsi ya kuteua rangi za nyuzi na mishono ya kudarizi mnyama wa kupendeza

KAZI ya kudarizi mnyama mdogo kwa mkono, awe sungura kwenye shuka la mtoto mchanga au ndovu kwenye foronya ya mto, huweza kumchukua mshonaji jioni nyingi. Hata hivyo, aghalabu hatima ya kazi hiyo huamuliwa kabla ya sindano kupenya kitambaa kwa mara ya kwanza.

Nyuzi zikiteuliwa vibaya, masikio huzama mwilini, macho hayaonekani na mnyama aliyekusudiwa kuchangamsha chumba cha mtoto hugeuka doa la rangi. Nyuzi zisizoshika rangi nazo huweza kuharibu kila kitu siku ya kwanza ya kufua. Kwa anayeshona ili auze, hasara huwa maradufu: muda wake umekwenda, na mteja harudi tena.

Darizi si sanaa ngeni katika eneo hili. Katika mwambao, kofia na shingo za kanzu zimedariziwa kwa mkono tangu zamani, na bara vitambaa vya makochi na meza vyenye maua na ndege vimepamba sebule nyingi. Lakini mnyama humdai mshonaji uangalifu zaidi. Ua lililopinda kidogo bado ni ua, ilhali jicho lililopinda hubadilisha sura nzima ya mnyama.

Kinachomfanya mnyama apendeze

Mwaka 1943, Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyechunguza tabia za wanyama, alieleza sifa za kitoto zinazoamsha kwa binadamu hamu ya kulea. Miongoni mwazo ni kichwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, paji pana la uso, macho makubwa yaliyo chini kidogo usoni, mashavu ya mviringo na miguu mifupi iliyonona.

Maelezo hayo yana manufaa kwa mshonaji. Yanamwonyesha kwamba mvuto wa mnyama umo hasa usoni. Kwa hivyo, tofauti kubwa kabisa ya weupe na weusi katika kazi yote iwekwe kwenye macho na pua, nao mwili upewe rangi zinazokaribiana. Mshonaji anayetumia uzi mweusi kuzungushia mwili mzima, miguu na mkia huyafanya macho yapoteze nguvu, kwa sababu kila mahali panamvuta mtazamaji kwa kiwango sawa.

Mkolezo kwanza, rangi baadaye

Kosa linalowanasa wengi ni kuteua rangi kwa majina yake tu: kijivu, hudhurungi, manjano. Jambo linalotenganisha sehemu moja ya mwili na nyingine ni mkolezo, yaani kiasi ambacho rangi imekolea au imefifia. Rangi mbili tofauti kabisa, kwa mfano waridi na kijani, zikiwa na mkolezo sawa huchanganyika machoni pa anayetazama kwa mbali.

Ushahidi wa zamani upo mjini Bayeux, Ufaransa. Pambo maarufu la mji huo, lenye urefu wa karibu mita 70, lilidariziwa katika karne ya 11 kwa nyuzi za sufu juu ya kitani. Baadhi ya farasi wake wana rangi ya samawati, ambayo haimo katika zizi lolote. Aidha, miguu iliyo upande wa mbali imeshonwa kwa rangi tofauti na ile iliyo karibu. Wadarizi hao walikuwa na rangi chache, lakini kwa kuzitofautisha waliweza kuonyesha mguu upi umetangulia na upi uko nyuma.

Njia rahisi ya kupima mkolezo ni kuzilaza nyuzi zote juu ya kitambaa kitakachotumika, kuzipiga picha kwa simu, kisha kuigeuza picha hiyo iwe ya rangi nyeusi na nyeupe. Nyuzi mbili zilizokusudiwa kutenganisha sikio na kichwa zikionekana sawa katika picha, moja ibadilishwe. Asiye na simu ya kamera anaweza kuzitazama huku amefumba macho nusu.

Rangi ngapi zatosha?

Kwa mnyama asiyezidi ukubwa wa kiganja, rangi sita hutosha: tatu za mwili (iliyofifia, ya kati na iliyokolea), moja ya ndani ya masikio na pua, moja nzito ya macho, na nyeupe kidogo. Kuongeza nyingine mara nyingi huleta vurugu.

Nyuzi za kampuni ya DMC, iliyoanzishwa Mulhouse, Ufaransa mwaka 1746, hutambuliwa kwa namba, na ruwaza nyingi duniani hutumia namba hizo. Mfuatano wa 739, 738, 437, 436, 435, 434, 433 na 801 huanza na rangi ya maziwa na kuishia kwenye hudhurungi ya kahawa. Sungura anaweza kupata 739 kwenye tumbo na mashavu, 437 mwilini na 435 mgongoni na nyuma ya masikio. Ndani ya masikio pawekwe waridi iliyofifia, kama vile 761. Mshonaji asiyepata nyuzi hizo anaweza kufuata kanuni iyo hiyo kwa nyuzi za dukani kwake: ateue za jamii moja, kisha aruke hatua moja kati ya kila mkolezo ili tofauti ionekane.

Mtoto wa ndovu huweza kushonwa kwa kijivu cha 415, 318 na 414, kuanzia kilichofifia hadi kilichokolea. Hata hivyo, kijivu kitupu juu ya kitambaa cheupe huonekana baridi. Ndovu wa Tsavo wanatoa suluhu: kwa kujipaka vumbi na matope ya udongo mwekundu wa eneo hilo, ngozi yao huonekana nyekundu kama tofali. Mishono michache ya hudhurungi nyekundu mgongoni na kwenye paji la uso humpa mnyama joto bila kuficha kijivu chake.

Kifaranga ni mtihani wa aina nyingine. Manjano ni rangi iliyofifia kimaumbile, hivyo hupotea juu ya kitambaa cheupe. Wengine huongeza kivuli kwa uzi mweusi, na matokeo yake ni manjano inayoonekana chafu, yenye kuelekea kijani. Kivuli cha manjano kishonwe kwa rangi ya dhahabu iliyokolea au ya machungwa iliyofifia. Njia nyingine ni kubadili kitambaa chenyewe na kutumia cha samawati. Mwanakondoo mweupe naye hujitokeza vyema juu ya kitambaa cha rangi, na kivuli chake huwa cha kijivu kilichofifia.

Unene wa uzi

Uzi wa pamba unaotumiwa zaidi katika darizi huuzwa ukiwa na urefu wa mita 8, nao umeundwa kwa nyuzi nyembamba sita zinazoweza kutenganishwa. Ni vyema kuchomoa mmoja mmoja kisha kuziunganisha upya. Hulala vizuri zaidi kitambaani.

Uzi mmoja hufaa sharubu, kope na manyoya ya usoni. Mbili hufaa kujaza mwili wa mnyama mdogo. Tatu hufaa mistari ya nje ya mnyama mkubwa. Zote sita hutumiwa kwa nadra, kwa mfano pale panapohitajika mkia mnene. Sindano nayo ilingane na uzi: katika sindano za kudarizi, namba inavyokuwa kubwa ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Urefu wa uzi usizidi sentimita 45 hivi, kwani uzi mrefu huchakaa na kupoteza mng'ao kwa kupita kitambaani mara nyingi.

Mshono kwa kila sehemu

Mshono wa kujaza, ambapo nyuzi hulazwa sambamba zikigusana, hutoa uso laini unaong'aa. Unafaa pua, kwato, kucha na ndani ya masikio. Usitumiwe kuvuka nafasi inayozidi sentimita moja, kwa sababu uzi mrefu ulio huru hunasa vidoleni na kwenye vifungo, hasa katika nguo za watoto. Ili ukingo uwe safi, mstari wa mishono midogo hutangulia kushonwa kwenye mpaka, kisha mshono wa kujaza huufunika.

Mshono mrefu na mfupi ndio wa manyoya. Safu ya kwanza hushonwa kwa kupokezana mishono mirefu na mifupi, na safu inayofuata, yenye mkolezo mwingine, hupenya katikati ya ile ya kwanza. Hivyo rangi moja huingia katika nyingine bila mstari kuonekana. Huu ndio mshono wa sungura, paka na mbwa.

Mshono wa kurudi nyuma, ambapo sindano hurudi hadi mwisho wa mshono uliotangulia, hutoa mstari mwembamba wa mdomo na vidole. Mshono wa shina, unaofanana na kamba iliyosokotwa, hupinda kwa urahisi na hufaa mkonga wa ndovu na mikunjo yake. Mshono wa mnyororo hutoa mstari mnene na huweza kujaza mwili haraka kwa safu zinazofuatana.

Vifundo, vinavyopatikana kwa kuuzungusha uzi kwenye sindano mara moja au mbili kabla ya kuirudisha kitambaani, vikisongamana hufanana na malaika ya kifaranga au sufu ya mwanakondoo. Humaliza uzi mwingi, kwa hivyo anayepanga kuvitumia anunue wa ziada.

Mwelekeo wa mishono

Hata rangi zikiteuliwa kwa ustadi, mnyama atakuwa bapa iwapo mishono yote itaelekea upande mmoja. Manyoya ya mnyama huanza puani, hupanda kwenye paji la uso, huenea mashavuni kuelekea nyuma na kushuka mgongoni hadi mkiani. Mishono ifuate njia iyo hiyo. Inafaa kuchora mishale midogo kwa kalamu inayofutika kwa maji kabla ya kuanza, kisha kuifuata.

Ndovu hana manyoya mengi, hivyo mishono yake ifuate umbo: izunguke tumbo, ishuke miguuni na ikate mkonga kwa upana kama mikunjo ilivyo.

Utaratibu wa kushona nao ni muhimu. Sehemu za mbali hutangulia: mkia, sikio la nyuma na miguu ya upande wa pili. Mwili hufuata, kisha kichwa. Kwa njia hii kila sehemu iliyo mbele hufunika ukingo wa iliyo nyuma.

Macho

Macho yafaa kushonwa baada ya manyoya yanayoyazunguka, ili yasifunikwe. Uzi mweusi kabisa, kama 310, huweza kuwa mkali kwa mnyama mwenye rangi zilizofifia. Hudhurungi nzito inayokaribia weusi, kama 3371, huwa ya upole zaidi. Kila jicho lipewe nukta moja ndogo ya uzi mweupe, upande wa juu. Nukta hizo ziwe upande ule ule katika macho yote mawili, kwa sababu huwakilisha mwanga unaotoka mahali pamoja. Moja ikiwa kushoto na nyingine kulia, mnyama huonekana ana makengeza.

Kuzuia hasara

Nyuzi ziteuliwe kwenye mwanga wa mchana, kwani taa za dukani hubadilisha rangi, na hudhurungi mbili zinazofanana chini ya taa huweza kutofautiana nje.

Nyuzi nyekundu, samawati iliyokolea na nyeusi zijaribiwe kabla ya kutumiwa. Kipande cha uzi kilowekwe, kisha kibanwe ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha alama, uzi huo usitumiwe kwenye nguo itakayofuliwa. Vilevile kitambaa cha pamba kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kuchorwa, kwa kuwa kikijikunja baada ya kudariziwa huzivuta nyuzi na kumkunja mnyama uso. Kazi iliyokamilika ifuliwe kwa maji baridi na ipigwe pasi upande wa nyuma, juu ya taulo, ili mishono isilale.

Kwa vitu vya watoto wachanga, shanga na vifungo visitumiwe kama macho, maana vikichomoka mtoto anaweza kuvimeza na kusakamwa. Macho ya uzi ni salama zaidi. Upande wa nyuma ufunikwe kwa kitambaa laini ili mafundo yasimkwaruze ngozi.

Hatimaye, uzi wa rangi kuu ununuliwe wa kutosha kwa mara moja, kwa kuwa rangi ya namba moja huweza kutofautiana kidogo kutoka mkupuo mmoja wa kiwandani hadi mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mshonaji anayebandika kipande cha kila uzi kwenye karatasi na kuandika namba yake, idadi ya nyuzi na sehemu ulipotumika, atamshona tena mnyama yule yule mteja mwingine atakapomtaka, na kama uzi utakatika njiani atajua aombe nini dukani.