Gelagert

Gelagert ni neno la Kijerumani linalotokana na kitenzi lagern. Ni umbo la kitenzi linaloonyesha tendo lililokwisha kutendeka. Maana yake ya kawaida ni "iliyohifadhiwa" au "iliyowekwa ghalani", lakini huweza pia kuhusu watu waliopiga kambi.

Asili ya neno

Kitenzi lagern kinatokana na nomino Lager, yenye uhusiano na liegen (kulala, kuwa chini). Lager ni mahali ambapo watu au vitu hulazwa, hivyo neno hilo humaanisha kambi na pia ghala. Linaonekana hata kwenye chupa za bia za Afrika Mashariki: bia ya lager iliitwa hivyo kwa kuwa huhifadhiwa kwenye baridi kwa muda kabla ya kuuzwa.

Matumizi katika historia ya Tabora

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi walipiga kambi huko, na wafanyabiashara waliweka huko pembe za ndovu na vitambaa. Maofisa wa Kijerumani walitawala mji huo hadi Septemba 1916, ulipotekwa na jeshi la Wabelgiji. Msomaji wa maandishi yao anahitaji kutofautisha maana hizi mbili:

* Die Karawane hat bei Tabora gelagert: msafara ulipiga kambi karibu na Tabora.
* Der Händler hat Elfenbein in Tabora gelagert: mfanyabiashara alihifadhi pembe za ndovu Tabora.
* Das Elfenbein wurde in Tabora gelagert: pembe za ndovu zilihifadhiwa Tabora.

Kitenzi kisaidizi hat pekee hakitoshi kuonyesha maana, maana kimo katika sentensi mbili za kwanza. Inafaa kutazama kama kuna kitu kilichotendwa. Kikiwepo, kama Elfenbein (pembe za ndovu), maana ni kuhifadhi. Kisipokuwepo, na mtenda akiwa ni watu au msafara, maana ni kupiga kambi.

Maneno ya karibu

* Eingelagert: iliyoingizwa ghalani, husisitiza tendo la kuweka.
* Aufbewahrt: iliyotunzwa isipotee wala kuharibika.
* Gespeichert: iliyohifadhiwa, hasa data kwenye kompyuta.
* Abgelagert: iliyoachwa muda mrefu mpaka ikafaa kutumika, kama mbao zilizokauka.