Keino, Jipcho na historia ya ligi ya kwanza ya riadha ya kulipwa

FAITH Kipyegon, mwenyeji wa Keringet katika Kaunti ya Nakuru, aliposhinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki jijini Paris mnamo Agosti 10, 2024, aliondoka na dhahabu yake ya tatu mfululizo katika masafa hayo. Aliondoka pia na dola 50,000 za Marekani, kitita ambacho Shirikisho la Riadha Duniani lilikuwa likiwatuza washindi wa Olimpiki kwa mara ya kwanza.

Miaka 50 awali, mwanariadha ambaye angepokea hadharani hata sehemu ndogo ya fedha hizo angefungiwa nje ya Olimpiki maisha yake yote. Kipchoge Keino wa Nandi na Ben Jipcho wa Mlima Elgon walilijua hilo vyema walipotia saini mikataba na International Track Association (ITA), ligi ya Marekani iliyodumu kuanzia 1973 hadi 1976.

ITA iliasisiwa baada ya Michezo ya Olimpiki ya Munich ya 1972 na Michael O'Hara, Mmarekani aliyeiwakilisha nchi yake katika voliboli kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964. O'Hara hakuwa mgeni katika biashara ya michezo. Alikuwa miongoni mwa watu walioshiriki kuanzisha ligi ya mpira wa vikapu ya ABA iliyoanza 1967, na alitaraji kwamba mashabiki wanaolipa kiingilio kutazama vikapu wangelipa pia kuwatazama mabingwa wa Olimpiki wakitimka ukumbini.

Mpira wa vikapu wenyewe ulikuwa umepitia njia hiyo. Kabla ya kuwapo ligi imara, wachezaji wa kulipwa walitegemea michuano ya mwaliko, na iliyovuma zaidi ni ile ya dunia iliyofanyika Chicago kila mwaka kuanzia 1939 hadi 1948 chini ya ufadhili wa gazeti la Chicago Herald-American. Taji la kwanza lilitwaliwa na New York Renaissance, timu ya wachezaji weusi, iliyoilaza Oshkosh All-Stars kwa pointi 34-25 wakati ambapo ligi kubwa za wazungu zilikuwa bado zikiwabagua wachezaji kama hao. Michuano hiyo ilikoma 1948, na mwaka uliofuata ligi mbili zikaungana na kuzaa NBA.

Riadha haikuwa na bahati hiyo, kwa sababu ilitawaliwa na sheria ya ridhaa. Shirikisho la riadha la wakati huo, IAAF, lilishikilia kuwa mwanariadha hukimbia kwa mapenzi ya mchezo na si kwa malipo. Mfini Paavo Nurmi, mshindi wa dhahabu tisa, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 kwa tuhuma za kupokea fedha.

Kanuni hiyo ilimfaa zaidi aliyekuwa na mali ya kumtunza. Kwa afisa wa polisi au wa magereza nchini Kenya, aliyefanya mazoezi kabla na baada ya kazi, nishani ya dhahabu ilileta sifa tele na mshahara uleule. Huko Ulaya, waandalizi wa mashindano walikuwa wakiwapa nyota bahasha za siri, na kila mtu katika mchezo huo alijua.

Keino alijiunga na ITA akiwa amekwisha kupata kila alichokihitaji katika ridhaa. Alikuwa bingwa wa mita 1,500 wa Mexico 1968 na wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji wa Munich 1972, mbali na nishani mbili za fedha. Umri wake ulikuwa miaka 33, na Olimpiki nyingine haikuwa katika hesabu zake.

Zaidi ya hayo, O'Hara alikuwa amemsajili pia Mmarekani Jim Ryun. Huko Mexico, Keino alikuwa amemshinda Ryun kwa takriban sekunde tatu. Munich ilitarajiwa kuwakutanisha tena fainali, lakini Ryun alianguka katika mchujo. Mchuano ambao Olimpiki ilishindwa kuuleta ndio ITA iliouza tikiti zake.

Shindano la kwanza lilifanyika Machi 3, 1973 mjini Pocatello, jimbo la Idaho, ndani ya uwanja uliofunikwa wa chuo kikuu. Mshindi wa kila fani alipata dola 500, wa pili 250, wa tatu 100 na wa nne 50. Hakukuwa na timu za taifa wala mchujo. Aliyeshiriki ni yule aliyealikwa na kutia saini mkataba, na msafara mzima ulihama mji hadi mji.

Waandalizi walibuni mambo mengi ili kuwavutia watazamaji. Lililodumu ni taa zilizopangwa kando ya njia ya kukimbilia, zikiwaka kwa mfuatano kuonyesha kasi inayotakiwa. Wajuzi wa riadha wa wakati huo waliziona kama kichekesho. Leo taa za namna hiyo ni jambo la kawaida katika mashindano makubwa.

Uamuzi wa Jipcho ulikuwa mzito kuliko wa Keino. Wakenya wengi walimfahamu kwanza kama kijana aliyejitoa mhanga Mexico, akaongoza mzunguko wa kwanza wa fainali ya mita 1,500 kwa kasi kali ili kumchosha Ryun, kisha akamaliza wa 10 huku Keino akitwaa dhahabu. Munich alimaliza tena nyuma ya Keino, safari hii kwa nishani ya fedha katika kuruka viunzi na maji.

Mwaka 1973 ukawa wake. Januari aliifikia rekodi ya dunia ya viunzi na maji ya dakika 8:20.8 katika Michezo ya Afrika jijini Lagos. Juni, jijini Helsinki, aliivunja mara mbili katika muda wa siku nane tu, kwanza kwa 8:19.8 na kisha 8:14.0. Jarida la Track & Field News la Marekani lilimtangaza mwanariadha bora wa mwaka duniani.

Mwanzoni mwa 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, alishinda mita 5,000 na viunzi na maji, kisha akapata shaba katika mbio za mita 1,500 ambazo Mtanzania Filbert Bayi alizishinda kwa rekodi ya dunia. Hakuna aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya kuiota dhahabu ya Montreal 1976.

Badala ya kuisubiri, Jipcho aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 31 akajiunga na ITA. Huko alikimbia maili moja na maili mbili, mara nyingine usiku mmoja, na kushinda zote mbili kukampa dola 1,000. Akawa miongoni mwa waliovuna zaidi katika ligi hiyo. Kwa upande wa wanawake, Mmarekani mweusi Wyomia Tyus, bingwa mara mbili wa Olimpiki wa mita 100, alishinda mbio zake zote 22 za msimu wa 1974.

Hata hivyo, mafanikio ya ITA hayakuhesabiwa popote nje yake. Mnamo Mei 10, 1975 mjini El Paso, Brian Oldfield alitupa tufe umbali wa mita 22.86, zaidi ya mita moja kuliko rekodi ya dunia iliyotambuliwa wakati huo. IAAF haikuiidhinisha, na ilichukua hadi 1987 kwa mwanariadha anayetambuliwa rasmi kuupita umbali huo.

Tatizo kubwa la O'Hara lilikuwa damu mpya. Vijana waliokuwa wakitamba hawakutaka kuipoteza Olimpiki. Mmarekani Steve Prefontaine alikataa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola 200,000. Mashabiki nao walichoka kutazama nyuso zilezile, televisheni haikuvutiwa vya kutosha, na kufikia Agosti 1976 ligi ikafunga milango.

Waliobaki katika ridhaa nchini Kenya hawakupata walichokisubiri. Mataifa mengi ya Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, yaligomea Olimpiki ya Montreal kupinga ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 huko Munich na aliyekuwa katika kilele cha uwezo wake, alirejea nyumbani bila kukimbia. Kenya ikasusia pia Moscow 1980. Jipcho alikuwa ameuza nafasi ambayo, kama ilivyotokea, serikali ingeifuta bila fidia.

Ukuta wa ridhaa ulianza kubomoka 1982, IAAF iliporuhusu malipo kuwekwa katika mifuko ya amana. Zawadi za fedha zilianza kutolewa katika Mashindano ya Dunia ya 1997 jijini Athens, na mwaka 2001 shirikisho likaliondoa neno ridhaa katika jina lake.

Ndoto ya ligi ya kulipwa ilifufuliwa Aprili 2025 na Mmarekani Michael Johnson kupitia Grand Slam Track, iliyoahidi dola 100,000 kwa mshindi wa kila kundi. Bingwa wa Olimpiki wa mita 800, Emmanuel Wanyonyi, alitwaa taji la kundi lake katika duru ya kwanza jijini Kingston, Jamaika. Lakini duru ya nne ya Los Angeles ilifutwa, na wanariadha wakakaa miezi kadhaa wakisubiri kulipwa.

Jipcho aliaga dunia Julai 24, 2020 mjini Eldoret. Rekodi zake za Helsinki zimo katika orodha rasmi za riadha. Ushindi wake wote wa ITA haumo.