Lázaro Nkavandame: kiongozi aliyeijenga FRELIMO Cabo Delgado, kisha akaipasua

Mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, anayetoka Mocímboa da Praia kwenda Mueda hupita Awasse, halafu Diaca, halafu Sagal, ndipo barabara inapoanza kupanda kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde. Siku hizi jina la Diaca husikika zaidi kwenye habari za vita vilivyozuka Mocímboa da Praia Oktoba 2017, vita vilivyowafukuza maelfu ya watu wa pwani na kuwapandisha Mueda kwa njia hiyohiyo. Wazee wa huko waliiona njia hii ikiwa na askari zamani. Miaka ya 1960 jeshi la Ureno liliweka kambi Diaca na Sagal kulinda misafara yake, na madereva wa malori ya jeshi walikuwa wakiomba Mungu kabla ya kuondoka, kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa ardhini.

Kabla ya askari kulikuwa na pamba. Hata jina Sagal ni lilelile la SAGAL, kampuni ya Kireno iliyopewa haki ya kununua pamba yote ya wakulima wa Cabo Delgado. Naanzia hapo habari za Lázaro Nkavandame, kwa sababu yote aliyoyafanya baadaye, mema na mabaya, yalianzia kwenye pamba.

Wareno walianza kugawa maeneo ya pamba kwa makampuni mwaka 1926, na kuanzia 1938 kilimo hicho kikasimamiwa kwa nguvu. Mkulima hakuulizwa. Alipewa mbegu, akapimiwa shamba, akaangaliwa na msimamizi na sipai, yaani askari wa serikali ya kikoloni. Asiyepalilia kwa wakati alipigwa viganja kwa palmatoria, kile kibao kizito chenye matundu, mpaka mikono ivimbe. Msimu wa mavuno familia nzima ilikaa chini kuchambua pamba, nyeupe upande huu, yenye madoa upande ule. Kisha mizigo ilibebwa kichwani mpaka sokoni, ambako mnunuzi wa kampuni ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyetaja daraja na ndiye aliyetaja bei. Mkulima hakuwa na namna ya kubisha. Alirudi nyumbani na fedha kidogo, akalipa kodi, na chakula hakikuwepo kwa kuwa muda wa mtama na mihogo uliliwa na pamba. Asiyekuwa na pamba alingojewa na shokoa, kazi ya lazima ya barabarani au kwenye mashamba ya walowezi.

Wengi waliona bora kuvuka mto Ruvuma. Wamakonde wa Msumbiji walijaa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na Nkavandame alikuwa mmoja wao. Huko alijifunza kazi, biashara na namna watu wanavyounda vyama vya kujisaidia. Ndipo pia Kiswahili kilipokuwa lugha yake ya mikutano. Aliporudi uwandani katikati ya miaka ya 1950 alikuwa mtu mzima, mwenye uzoefu na heshima, tofauti na vijana waliomaliza shule ya misheni jana.

Mwaka 1957 yeye na wenzake, wakiwemo João Namimba na Cornélio Mandanda, walianzisha ushirika wa wakulima wa pamba. Kwenye karatasi za serikali uliitwa kwa jina refu la Kireno, lakini watu waliuita Liguilanilu. Wazo lilikuwa la kijanja na la ujasiri. Hawakupinga pamba hadharani, kwani kufanya hivyo kungewapeleka jela. Walisema: tutalima pamba wenyewe, kwa hiari, kwa pamoja, na kwa sababu hiyo msitutume sipai, msitupeleke shokoa. Serikali ilikuwa na njaa ya pamba, ikakubali. Mwanachama akapata kitu ambacho Mwafrika wa Cabo Delgado hakuwa nacho: haki ya kupanga siku yake.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu historia nyingi za FRELIMO hupita haraka juu ya jambo hili zikikimbilia bunduki. Kupitia Liguilanilu watu wa vijiji mbalimbali walizoea kukutana, kuchagua viongozi, kuweka hesabu, kuchanga na kujadili bila mzungu kuwepo. Walimu vijana wa misheni walikuwa karibu na harakati hizo, na kati ya vijana wa kizazi hicho walitoka Alberto Chipande na Raimundo Pachinuapa, majina ambayo kila mtoto wa shule Msumbiji anayajua leo. Ushirika huo ulikuwa chama cha siasa kabla chama cha siasa hakijaruhusiwa kuwepo. Maofisa wa Ureno waliligundua hilo pia, wakaanza kuutilia shaka na kuubana.

Tarehe 16 Juni 1960 ikafika Mueda. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliokuwa wamerudi kutoka Tanganyika, walikwenda kuzungumza na gavana wa wilaya kuhusu uhuru na kurudi kwa Wamakonde walioko ng'ambo. Umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya serikali. Viongozi walikamatwa, watu wakapiga kelele, askari wakafyatua risasi. FRELIMO imeshikilia kwamba waliuawa mamia, takriban 600. Wareno walikiri wachache mno, na wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya idadi. Ambacho hakina ubishi ni kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu wa uwandani aliyeamini tena kwamba ombi la amani lingejibiwa kwa amani.

Miaka miwili baadaye, 25 Juni 1962, vyama vitatu vya wakimbizi, UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana Dar es Salaam kuwa FRELIMO, na Eduardo Mondlane akawa rais. Chama kipya kilikuwa na wasomi na wanadiplomasia. Kilichokosa ni watu waliojulikana vijijini. Kwa Cabo Delgado kilimpata Nkavandame. Alikimbilia Tanganyika, akawa katibu wa FRELIMO wa mkoa na baadaye msimamizi wa biashara ya ndani ya maeneo yaliyokombolewa. Watu walimwita Mzee Lázaro. Chini yake walikuwa wenyeviti wa matawi, wengi wao wazee wa koo na watu wa ushirika wa zamani, ambao ndio waliogawa kazi, waliotafuta wapagazi na waliopokea vijana wanaokwenda mafunzo.

Bila mtandao huo, risasi ya kwanza ya vita vya ukombozi, iliyopigwa Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964 na kikosi cha Chipande, ingebaki tukio la usiku mmoja. Wapiganaji walihitaji unga, njia na watu wa kuwaficha. Wenyeviti waliwapa. Wanawake walibeba risasi kichwani kwa siku kadhaa kutoka mpakani, wakirudi na korosho, ufuta, karanga na nta ya kuuza Tanzania. Kwa muda mfupi sehemu kubwa ya uwanda ikawa nje ya mikono ya serikali, na Wareno wakabaki kwenye kambi zao za barabarani, Diaca na Sagal zikiwa miongoni mwake. Sifa ya jambo hilo lazima apewe Nkavandame, hata na wale wasiompenda.

Lakini biashara ndiyo iliyomharibu. Kwenye maeneo yaliyokombolewa maduka ya Wahindi na ya Wareno yalikuwa yamefungwa. Chumvi, sabuni, majembe na vitambaa vilitoka Tanzania, na njia ilikuwa mikononi mwa wenyeviti. Mwanamke aliyevuka Ruvuma na gunia la korosho alipewa kipande cha kitambaa na chumvi kidogo, huku gunia lenyewe likiuzwa kwa bei nyingine kabisa upande wa pili. Malalamiko yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Wapiganaji waliokuwa na njaa waliona wenyeviti wengine wakinenepa. Mtu aliyewahi kuwaokoa wakulima dhidi ya mizani ya SAGAL sasa alituhumiwa kushika mizani mwenyewe.

Ndani ya FRELIMO mgogoro huu ulipewa sura ya mistari miwili. Upande mmoja walikuwa Mondlane, Samora Machel, Marcelino dos Santos na makamanda vijana waliotoka mafunzoni, waliotaka ushirika wa kweli, wanawake wapewe silaha na nafasi, na wazee wa kabila wasiwe wakubwa kwa kuzaliwa tu. Upande wa pili alikuwa Nkavandame na wenyeviti wake, waliotaka vijana wa jeshi wawatii, na walioona kwamba damu inayomwagika ni ya Wamakonde huku amri zikitolewa na watu wa kusini. Kwa maoni yangu upande wa kwanza ulikuwa na haki kuhusu maduka na kuhusu wanawake. Lakini hofu ya Mzee Lázaro kuhusu nani anatawala nani haikuwa ya kubuni. Waliokufa Cabo Delgado walikuwa wengi, na uongozi wa Dar es Salaam ulikuwa mbali.

Mwaka 1968 mambo yakachemka. Mei, kundi la Wamakonde lilivamia ofisi ya FRELIMO Dar es Salaam, na Mateus Muthemba, mmoja wa viongozi wa FRELIMO, akafa kutokana na majeraha. Julai ukafanyika mkutano mkuu wa pili, ndani ya ardhi ya Msumbiji, Machedje mkoani Niassa. Nkavandame alitaka ufanyike kusini mwa Tanzania, na hakuhudhuria. Mondlane akachaguliwa tena. Agosti, kwenye mkutano wa Mtwara uliohudhuriwa na maofisa wa Tanzania, upande wa Nkavandame ulidai Cabo Delgado ijitenge. Serikali ya Nyerere, iliyokuwa ikibeba mzigo wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, haikuwa na nia ya kuona chama kinachopigana na Ureno kikivunjika kwa misingi ya kabila. Dai likakataliwa.

Kisha ikaja damu ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 22 Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa mpakani akielekea Cabo Delgado, na FRELIMO ikawashutumu watu wa Nkavandame. Januari 3, 1969 kamati ya utendaji ya FRELIMO ilimvua Nkavandame madaraka yote. Mwezi mmoja baadaye, Februari 3, kifurushi cha bomu kilimuua Mondlane jijini Dar es Salaam. Jina la Nkavandame lilitajwa kwenye uchunguzi, pamoja na la Silvério Nungu, ofisa mwingine wa FRELIMO. Machi alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wareno, kwa serikali ileile ambayo sipai wake walikuwa wakipiga viganja vya wakulima wenzake.

Wareno walidhani wamepata ufunguo wa uwanda. Jina lake likaingizwa kwenye propaganda, Wamakonde wakaombwa watoke porini na kurudi. Hawakutoka. Hapa ndipo ninapoona kipimo cha kweli cha kazi yake ya mwanzo. Alikuwa amewafundisha watu kukusanyika kwa ajili ya jambo lao, na jambo hilo likawa kubwa kuliko yeye. Mwaka 1970 jenerali wa Ureno Kaúlza de Arriaga alipanda uwandani na operesheni yake kubwa ya Nó Górdio, akateketeza kambi za FRELIMO, lakini vita viliendelea hata baada ya Ureno yenyewe kupinduka Aprili 1974.

Mzee Lázaro hakuona uhuru akiwa huru. Alikamatwa, akapelekwa Nachingwea, kambi ya FRELIMO kusini mwa Tanzania, ambako mwaka 1975 alisimamishwa mbele ya umati pamoja na Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO, na wengine walioitwa wasaliti. Walilazimishwa kusoma maungamo. Kisha wakapelekwa Metelela, kambi ya kuelimishwa upya mkoani Niassa, na huko wakauawa bila mahakama yoyote kuwasikiliza. Kwa miaka mingi nchi haikuambiwa. Familia zilibaki zikiuliza, mpaka waandishi wa habari na baadaye kitabu cha Barnabé Ncomo juu ya Simango, kilichotoka mwaka 2003, vikafungua mlango uliokuwa umefungwa.

Naliandika hili bila kumsafisha. Kujisalimisha kwa Wareno ulikuwa usaliti, na mwanamke aliyebeba korosho zake mpaka Mtwara ana haki ya kumlaumu kuliko mwanasiasa yeyote wa Maputo. Lakini kumuua mtu bila kesi, kisha kufuta kumbukumbu yake mpaka ushirika aliouanzisha usimuliwe kana kwamba ulijianzisha wenyewe, ni kosa la pili juu ya la kwanza. Uwanda uliotoa mawaziri wa ulinzi, magavana na hata rais, Filipe Nyusi, haustahili historia ya nusu.

Watu wa barabara ya Diaca wanasumbuliwa na vita vipya ambavyo maswali yake yanafanana na yale ya 1968: nani anauza, nani ananunua, fedha ya ardhi yetu inakwenda wapi, na nani anatoa amri kutoka mbali. Vijana wanaouliza leo wangefaidika kujua kwamba babu zao waliuliza hivyohivyo, wakaanza kwa ushirika halali wa pamba.

Serikali ya Msumbiji ifungue nyaraka za Nachingwea na Metelela, na iwaonyeshe watoto na wajukuu wa Nkavandame, Simango na wenzao mahali walipozikwa. Na vyuo vya Pemba na Mtwara vipeleke watu uwandani na ng'ambo ya Ruvuma kurekodi wanachama wa Liguilanilu waliobaki na wake zao waliobeba mizigo. Waliokuwa vijana mwaka 1957 sasa wana zaidi ya miaka themanini.